Mkono wa Ineza

Jumanne, Manyoni

Ule mkono bado nauona, umebaki hewani.

Familia ya Ineza imetoka Burundi, na leo ilikuwa siku yake ya kwanza darasa la tatu. Mwalimu mkuu alipopita mstarini, watoto wengine wakasema shikamoo. Ineza akamnyooshea mkono wa kulia, huku wa kushoto umeshika kiwiko. Kwao ndiyo adabu. Mkuu akaona mtoto anajifanya rika lake. "Huyu kafundishwa na nani?" akauliza, akampita. Watoto wakacheka.

Baadaye nilimweleza mkuu ofisini maana ya ule mkono. "Hapa ni Tanzania, mwalimu," akanijibu. Basi, ameshamaliza. Na mimi niliyehangaika kumshawishi mama yake kwamba hapa mtoto atapokelewa vizuri, halafu...

Mama alipokuja kumchukua aliniuliza taratibu, "Mwalimu, amekosa nini? Mimi ndiye niliyemfundisha." Naogopa kesho hatamleta.

Tulipoagana, Ineza akaniamkia mwenyewe. "Shikamoo, mwalimu." Alitamka vizuri kabisa, mikono yote miwili ameificha nyuma ya mgongo.