Usimpe Tena Limi Dawa Ile

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mwanangu Limi, ingawa moyo wangu hauamini hata ninachoandika. Wifi Milembe, wewe unayemsomea, tafadhali soma polepole, usiruke neno hata kama unamwonea haya.

Mayu, usimpe tena Limi ile dawa yako ya tumbo. Hata kijiko kimoja. Naomba hilo kwanza, hasira yako ije baadaye.

Unajua kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kuandaa dawa za miti shamba zipimwe kama zina madini yenye sumu. Siku hizi biashara ni huria, kila mtu anataka kuuza dukani, na maduka yanadai karatasi yenye muhuri. Nazikausha, nazisaga, nazichekecha, nauchoma unga mpaka uwe majivu, kisha nayayeyusha kwa tindikali na kuchuja. Maji yanayopatikana ndiyo yanayoingia kwenye mashine. Pakiti huja na namba tu, majina ya wenyewe hatupewi.

Mwezi uliopita nilishika pakiti moja nikakuta imefungwa kwa kipande cha kanga, na fundo ni lako, lile la kupitisha ncha mara tatu ili mtu asiifungue njiani. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Kumbe yule mfanyabiashara wa Maswa anayenunua dawa yako ndiye kaileta. Mashine ikasema ina risasi nyingi, yale madini ya kwenye betri za magari. Nikasema haiwezekani. Nikaosha vyombo vyote upya, nikarudia. Jibu lile lile.

Hapo ndipo akili iliponiruka. Nilikuwa bado na unga wa dawa hiyo hiyo ulionipa siku naondoka nyumbani, mwaka juzi. Nikauchoma huo badala ya ule wa pakiti, nikauandikia namba ya pakiti. Sikutaka mama yangu aitwe mwenye sumu. Ukatoka safi kabisa, nami badala ya kujiuliza kwa nini, nikafurahi.

Juzi ikafika barua ya kaka Shija. Anasema umepata pazuri pa kuanikia, mabati mekundu aliyonunua banda la zamani la kiwanda cha kuchambua pamba lilipobomolewa. Dawa inakauka siku moja na unaikwangua kwa kifuniko cha kopo. Mayu, rangi nyekundu ya zamani kama ile ina risasi, na wewe unaikwangua pamoja na dawa. Zamani ulianika kwenye ungo! Mwisho kabisa kaandika, kama habari ndogo tu, kwamba Limi anashikwa na tumbo, hapati choo, amepauka, na Mayu amemwongezea dawa, asubuhi na jioni.

Nilikaa chini sakafuni na barua mkononi. Dalili hizo ni za risasi. Najua unamwongezea kwa kumpenda, na ndiyo maana naogopa hivi.

Mpelekeni hospitali siku hii hii mnayosoma barua, mkawatajie risasi. Mabati yatoeni uani, msiyachome moto. Kesho asubuhi naenda kumwambia mkuu wangu nilichofanya. Atanifukuza, nami nitapanda treni. Barua hii anaileta mwalimu wa huko kwetu Nyalikungu anayesafiri leo, atafika kabla yangu.

Nisalimie kaka Shija, asijilaumu, aliyaleta mabati kwa nia njema. Nisalimie mjomba Masanja, mzee wa kanisa, aniombee sana. Limi mwambieni mama yake anakuja.

Lakini yule mfanyabiashara naye yuko njiani, Mayu. Atakuja na karatasi ya muhuri, atakusomea mbele ya watu kwamba dawa yako ni safi, na utataka kumwamini yeye kuliko mimi. Usimwamini. Karatasi ile niliipika mimi.

Binti yako,
Kabula