Mikono ya Shemeji Yako

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu tele. U hali gani wewe na watoto, na yule mama mkwe wako anayeanza kukohoa kila simu yako ikilia? Sisi huku tu wazima wa mwili. Roho ndiyo inayoniuma, na ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Unajua shemeji yako wiki nzima yuko na baiskeli za watu, na Jumamosi anafundisha viatu vya magurudumu nyuma ya ghala, pale penye sakafu ya saruji. Anayejifunza kuzunguka kama pia hushikwa mikono yote miwili. Anaambiwa polepole aelemee kisigino cha mguu huu na vidole vya ule, mpaka azunguke. Akishaweza anaachiwa, anashikwa mwingine. Mimi nilijiunga mapema, kwa sababu nyumbani mkono wa shemeji yako ni wa kupokea kikombe tu.

Tulikuwa vizuri mpaka alipokuja msusi wa duka la kona, yule mwenye kicheko kisichoisha. Anashikwa, anazunguka nusu, goti la kushoto linalegea, anadakwa. Anabembelezwa asikate tamaa. Mimi niko kwenye foleni, nimenuna kwa wivu. Siku moja nikamwambia shemeji yako kwamba yule mwanamke hafundishiki. Akanijibu kuwa mbona hata mimi nimechelewa kushika.

Jumamosi iliyopita nikamkodolea macho msusi. Kabla goti halijalegea, alitazama kwanza mikono ya kumdaka iko wapi. Mtu anayeanguka kweli hatazami, dada. Nilijua kwa sababu anguko lile ni langu. Nakwambia wewe tu: mimi kuzunguka nimeweza zamani. Huwa najiangusha makusudi, nisije nikaachiwa.

Hasira zikanipanda. Nikamwambia shemeji yako apumzike, huyu nitamfundisha mimi. Nikamshika msusi mikono, tukazunguka wote wawili kwa kasi, kisha nikamwachia ghafla. Alizunguka peke yake, wima, misuko inaruka, goti halikutikisika hata kidogo. Watu wakapiga makofi. Nikajiona mshindi, kumbe na mimi bado nazunguka, mbele ya macho yao wote. Sasa nani atanishika tena?

Tukiwa njiani kurudi nikamwomba radhi shemeji yako kwa kujiangusha makusudi. Akacheka, akasema, "Nilijua tangu wakati wa mvua. Unadhani mimi sikupenda kukushika?" Dada, machozi yalinilengalenga kwa furaha. Akabeba viatu vyangu kwa mkono mmoja, kwa mwingine akanishika mpaka mlangoni.

Asubuhi nakoroga chai, ndipo likanijia. Kama anguko langu la uongo alilitambua, la msusi lilimpita vipi?

Sijamuuliza, naogopa jibu. Niambie wewe, nimuulize au nimeze? Mama asijue, tafadhali, maana ataanza kuniombea kwa sauti. Nibusie watoto wote, na huyo mwenye kikohozi mpe pole zangu. Jumamosi nitakwenda, lakini viatu naviacha nyumbani. Nitakaa kwenye benchi nione mikono ile inakwenda kwa nani.

Ni mimi mdogo wako,
Pilipili