Kaseti ya Mama Iliyoanikwa Juani

Mjukuu wangu Nyamisi,

Hujambo huko Dodoma? Hapa Kigera tu wazima, shangazi yako amejifungua salama. Lakini diski ya kompyuta yako kufa na picha zote! Nimeisoma barua yako mara mbili.

Unauliza nilifanyaje sauti ya mama yangu ilipopotea. Miaka ile ya uhaba, betri zikiisha tulizianikaga juani zipate nguvu. Siku moja babu yako akaona uvivu kuzitoa, akaanika redio nzima juu ya bati, na kaseti ya mama akiimba imo ndani! Niliikuta imejikunja kama ganda la muhogo.

Kaseti ilipokuwepo, nilisikilizaga tu. Ilipoungua ndipo nikaanza kuimba mwenyewe wimbo wake. Ndio ule wimbo niliokubembelezea wewe.

Ni mimi bibi yako, bado naimba.