Dada Aliyelificha Gurudumu

Dagoretti Corner

Mjukuu wangu Kamau,

Pokea salamu zetu. Sote tu wazima. Cucu, nyanya yako, bado anauza mboga sokoni Ngara, na ng'ombe wetu amezaa.

Umeniuliza mbona unafanya mazoezi ya baiskeli kila siku huko Eldoret na bado wenzako wanakuacha mlimani. Hata mimi yalinipata. Nikiwa kijana nilijiandaa kwa mashindano ya kwenda Ngong. Kila asubuhi niliendesha hadi Karen na kurudi, tumbo tupu, kwa kuamini kwamba mwili mwepesi ndio wenye mbio. Nilipodhoofika, nilizidi kukaza.

Wiki ya mashindano, dada yangu Nyambura akalificha gurudumu la mbele. Nilifoka. Akaniwekea sahani ya nduma na maharagwe.

"Kula, kisha ulale. Gurudumu utalipata Jumamosi."

"Nyambura, nitashindwa!"

"Umeshaanza kushindwa, hujioni tu."

Nilikula kwa hasira, nikalala kama gogo. Kesho yake vivyo hivyo.

Jumamosi, siku ya mashindano, alinirudishia gurudumu. Nilikunywa uji wa wimbi, nikatia ndizi mfukoni. Kwenye mlima ambao siku zote nilishuka nikasukuma baiskeli, niliendelea kukanyaga hadi juu. Sikuwa wa kwanza, lakini sikushuka.

Basi wiki hii kula ushibe, siku moja baiskeli ipumzike, kisha uurudie mlima wako. Nakuombea nguvu za miguu tu, maana kichwa kigumu ulishakirithi kwangu.

Guka wako