Lori Nililoliandikia Ngazi ya Kwanza

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wiki ya tatu mezani. Miaka kumi na sita nimelala chini ya magari ya jeshi, sasa mgongo umekataa, nimepewa kalamu. Kazi ukiisikia nyepesi: gari likiletwa na hitilafu, naandika ngazi. Ya kwanza — dereva amalize mwenyewe palepale. Ya pili — liingie karakana yetu hapa kambini. Ya tatu — livutwe hadi karakana kuu, na huko ni kusubiri tu. Namba moja kwenye fomu! Lakini kila namba ina mtu anayetaka gari lake leo.

Magari kumi na manne. Kapteni Abdullatif, mkuu wa karakana, kapita mezani mara tatu. Alhamisi askari wanakwenda zoezi Saadani, hataki kusikia ngazi ya pili. Koplo Ausi, dereva wa lori la askari, kaja wa mwisho. Pedeli ya breki inazama kidogo, anasema. Nikaandika moja. Aongeze mafuta ya breki, aende zake. "Sawa, afande." Kaondoka.

Jumatano, 6 Agosti

Situlii. Nimerudi Mapinga mapema, nimefua nguo ambazo si chafu. Mume wangu, Bwanaheri, katoka kufundisha shuleni Zinga, kanikuta naanika, kaniuliza nina nini. Sina kitu.

Kweli sina — ila ile pedeli. Nilimwuliza Ausi kama aliwahi kuongeza mafuta siku za karibuni? Sikumwuliza. Mgongo ulikuwa unauma, nikataka kumaliza. Ndiyo hivyo.

Anasema kama linanisumbua, nikalitazame asubuhi. Kwake kila kosa ni daftari, unasahihisha kwa kalamu nyekundu yanakwisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimechelewa! Lori limetoka alfajiri, askari ishirini na wawili nyuma.

Nimefungua jalada lake. Mafuta ya breki yameongezwa Julai 15. Julai 24. Agosti 4 — mwandiko wangu. Yanakwenda wapi? Yanavuja, yaende wapi tena! Mtoto wa kozi ya kwanza angeuliza. Mimi Sajenti Mina, miaka kumi na sita, nimeandika moja.

Nimekwenda kwa kapteni. Nimekosea ngazi, afande, lile ni la pili, lisimamishwe njiani. Limeshaondoka, anasema, likifika salama maana yake halikuwa bovu. Halafu, polepole, kama mtu anayenionea huruma: "Sajenti, fomu ile ina sahihi mbili. Yako na yangu."

Nimetoka hapo moja kwa moja chumba cha redio. Sikumwomba ruhusa. Tumewaita — kimya. Tena — kimya. Nikawa natembea toka dirishani hadi mlangoni, mwenye redio akaniomba niketi. Saa nne na nusu wakajibu. Wamefika. Ausi hakuiamini breki, kaenda gia ndogo njia nzima, askari wakimzomea.

Nimemwambia asiliwashe tena mpaka nije. Kisha nimeketi benchi la nje nikalia. Mtu mzima!

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, kambi kimya. Nimekwenda hivyo hivyo. Nimeandika fomu mpya. Ngazi: ya pili. Sababu: mkaguzi hakusoma kumbukumbu za gari. Jina langu. Kapteni nimempigia simu nyumbani — hatatia sahihi. Nimwache, tutazungumza Jumatatu. Lakini lori linarudi kesho na watu!

Kesho gari la chakula linakwenda Saadani. Nimeomba nafasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Saadani. Saa saba mchana. Naandika nimekalia ndoo.

Nimeingia chini ya lori, mgongo nao ukapiga kelele zake. Hosi ya breki, mpira unaopeleka mafuta gurudumu la nyuma, kushoto. Imesagwa na chuma hadi nyuzi zinaonekana, tairi ndani limelowa mafuta. Nimeigusa tu, ikatoa tone. Ukiikanyaga pedeli kwa nguvu mara moja — labda itahimili. Mara ya pili sijui.

Nilipotoka, askari walishapanda na mabegi yao. Nimewashusha. Mmoja kaniambia sikukuu imempita huku, sasa hata Jumapili nataka kumlia. Nimemwambia shuka.

Ausi kanivuta pembeni. Nikiamriwa kuendesha, afande, nifanyeje? Ana miaka ishirini na sita, juzi kawabeba wenzake wote kwa gia ya pili kwa ajili ya namba yangu. Nimemwambia anipe ufunguo. Uko mfukoni.

Redio imesema kapteni anakuja mwenyewe. Basi. Nimesubiri saa nzima. Nimehesabu tairi, nimekunywa maji, nimemwuliza Ausi habari za mama yake mara mbili.

Kaja. Gwanda limepigwa pasi, utadhani anakwenda harusini. Hakunisalimu. Akanyoosha kiganja: "Ufunguo." Nikampa fomu. Kapteni akasoma yote, hata pale kwenye sababu. Akageuza nyuma, kama kuna maneno mengine.

"Hosi gani?"

Ya nyuma kushoto, afande.

Nikadhani atapaza sauti. Akavua kofia, akampa Ausi. Akalala chali juu ya mchanga, na gwanda lake lile, akajivuta chini ya lori. Viatu tu ndivyo vinaonekana.

Dakika kumi sasa. Bado hajatoka, wala ufunguo hajauomba tena.