Jina la Kwanza la Babu Saidi

Magarama, Gitega

Mjukuu wangu Mariamu,

Pokea salamu za nyumbani. Tuko wazima, mama yako amepona mguu, na mdogo wako ameanza kujifunza cherehani.

Umeniuliza babu yangu Saidi alitoka wapi. Yeye mwenyewe alisema Ujiji, na sote tuliamini.

Alikuwa amekwisha kufa nilipokwenda Muyinga, wakati wa vita, kumwona shangazi. Njia ikafungwa, nikakaa wiki mbili. Babu alioa huko, na msikitini kulikuwa na daftari la ndoa za zamani, nikamwomba mzee aliyelitunza anitafutie ndoa ya babu.

Akasoma polepole: "Saidi, fundi cherehani. Zamani aliitwa Bukuru, mzaliwa wa Itaba."

"Itaba yetu ya Gitega?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, binti."

Bukuru ni jina la pacha wa kwanza. Wa pili huitwa Butoyi. Nikawaza, huyo Butoyi yuko wapi?

Njia ilipofunguka nikaenda Itaba kumwulizia Butoyi. Wakanionyesha bibi mzee sana, akichambua maharage mlangoni. Nikamweleza mimi ni mjukuu wa nani. Hakuniuliza dini wala kabila. Aliuliza kitu kimoja tu: "Alikuwa akinitaja?"

Hakuwahi kumtaja. Lakini nikamwambia kweli nyingine: "Mama yangu alizaliwa peke yake, na babu alimwita Butoyi. Hatukujua kwa nini."

Akanishika mkono, akaniingiza ndani.

Kwa nini babu alisema Ujiji, mpaka leo najiuliza.

Bibi yako,
Hadija