Sahani ya Mama Odessa

Shosti Lorraine, uko?

Tumetoka kumzika mama, tumerudi ukumbi wa kanisa kula. Kuku wa kukaanga, bamia, mkate wa mahindi.

Mara mama mdogo Verlene akafoka: "Acheni ulafi! Nani kamwekea Odessa chakula? Si mnajua yeye hula mwisho!"

Odessa! Mama yangu! Tumetoka kumfukia sasa hivi!

Binamu waliotoka Chicago wakabaki na vijiko hewani. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mchungaji mwenyewe akainuka, akapakua, akafunika kwa foili, akanikabidhi.

Niko kwenye gari nimeipakata sahani, bado ya moto.

Nimefunua. Amemwekea kidari kizima, Lorraine. Mama, aliyekuwa akituachia minofu akala shingo.